Mlango Ambao Sikuuchora

Saa saba na dakika tano mchana, siku ya Alhamisi, ukuta wa chumba cha saba ulicheka. Kilikuwa kicheko cha Otilia, kile chake cha kuanzia puani na kuishia tumboni, na mama yake, Bi Atukuzwe, akakiitikia kutoka kitandani. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kishikwambi changu mkononi. Otilia alikuwa amefariki jana yake asubuhi.

Pikipiki yake ya umeme iliteleza kwenye tope la barabara ya Mahanzi, ikaingia korongoni pamoja na magunia mawili ya viazi. Hospitali nzima, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kujua, na kwa sababu ya kipuuzi. Mfumo wa kuta uliniandikia kwamba msaidizi wa mgonjwa wa chumba cha saba hajatuma ujumbe wake wa sauti kwa siku ya pili mfululizo, kwa hiyo ukuta utaendelea kutunga wenyewe. Nikapiga simu kumkumbusha. Ikapokelewa na mtu aliyekuwa analia.

Kuta zile ni zangu. Jina langu ni Yusta Mwalongo, mbunifu wa majengo, ingawa hapa Hospitali ya Ukunguni kila mtu ananiita Injinia na nimechoka kubisha. Unachukua udongo wa mlimani, unauchanganya na maganda ya ngano na aina fulani ya kuvu iliyofunzwa kusikia, unaumwaga kwenye umbo, na baada ya wiki sita una ukuta unaosikia mapigo ya moyo na kunusa homa kabla kipimajoto hakijaiona. Unatoa joto, mwanga, harufu na sauti kadiri mgonjwa anavyohitaji. Manesi wanauita Shangazi, kwa sababu haupitwi na jambo na haukosi la kusema.

Siku ya kwanza ndugu wa mgonjwa anakaa nao saa nzima, wanapiga soga, ukuta unajifunza sauti yake na namna anavyovuta pumzi. Kisha anarudi zake shambani. Kila siku anatuma ujumbe kwa simu, na ukuta unamfikishia mgonjwa kwa sauti ile ile, wakati moyo wake uko tayari kupokea. Ujumbe usipokuja, Shangazi anatunga mwingine wa kufanana nao, na mgonjwa akiongea anamjibu. Wagonjwa wote wanaelezwa hivyo siku ya kulazwa, na wote wanasahau kufikia siku ya tatu. Amri tuliyompa Shangazi ilikuwa moja tu, mgonjwa asitibuke.

Na alikuwa anafanya kazi, jamani. Watu waliokuwa wakilala siku kumi na tisa sasa walitoka baada ya kumi na moja. Nilikuwa najivuna, sitakuficha.

*

Dokta Kihwele, daktari wetu wa moyo, ni mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Nilimkuta ofisini anakula muhogo wa kuchemsha huku akiangalia picha ya moyo wa Bi Atukuzwe ikidunda juu ya meza.

"Nimeshaambiwa," alisema kabla sijafungua mdomo. "Shemeji yake alikuwa hapa. Nimemkatalia."

"Otilia anazikwa Jumamosi, dokta."

"Najua." Akasukuma sahani pembeni. "Ile vali ya moyo tumeiotesha kutoka kwenye ngozi yake mwenyewe, Injinia. Leo ina siku kumi na mbili kifuani. Bado inalishwa na mrija kutoka ukutani kwako. Ikifika siku ya ishirini na moja, hata tembo amkanyage, haitaachia. Leo presha ikiruka mara moja tu, inachanika. Nipe siku tisa. Nitamwambia mimi mwenyewe, na nitalia naye."

"Siku tisa mtoto atakuwa ameshazikwa."

"Na mama atakuwa hai." Aliniangalia bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Wewe ndiye uliyenishawishi kuhusu utulivu. Mimi nilikuwa nakucheka. Sasa nakuamini, unataka kubadilika?"

Kila neno alilosema nililisema mimi miaka minne iliyopita, mbele ya bodi, nikiwa nimevaa suti ya kuazima.

*

Shemeji mwenyewe, Mzee Kristofa, nilimkuta nje kwenye manyunyu. Alikuwa na wanawake watano wa Mahanzi wenye masweta na vitenge, wameketi kwenye ukingo wa bustani ya maua kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kukaa. Nilitazama jengo langu kwa mara ya kwanza kwa jicho la mtu aliye nje yake. Lilikuwa zuri, limepinda vizuri kufuata mlima, na halikuwa na hata kibaraza.

"Shikamoo baba. Poleni sana na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa." Alivua kofia, akaikunja. "Injinia, sisi hatukuja kugombana. Mgonjwa haambiwi habari hizi hovyo, hata sisi tunajua. Ndiyo maana nimekuja na mama zake hawa, tumwambie kwa utaratibu. Daktari amesema hapana. Sawa, yeye ndiye mwenye elimu. Lakini tuna ombi moja dogo."

"Lipi, baba?"

"Mnyamazisheni yule wa ukutani." Mmoja wa wanawake alianza kulia kimyakimya. "Nesi ametuambia bado anaongea. Mtoto yuko mochwari, Injinia, na huku mnamtuma kusalimia watu. Hata kama ni kwa nia njema."

Nilimwambia nitaona la kufanya. Ni maneno ya mtu anayetafuta pa kutokea, na yeye aliyatambua, maana alivaa kofia yake bila kunishukuru.

Usidhani nilikuwa sielewi. Nilipokuwa na miaka kumi na tano baba yangu alilazwa wodi ya zamani, hapo hapo lilipo jengo langu. Alikufa akiutazama ukuta wa rangi ya kijani uliobanduka. Kwa majuma sita mama yangu alimpikia uji kwenye banda la wasaidizi nyuma ya hospitali, mvua ikimpiga mgongoni, macho mekundu kwa moshi. Niliapa kwamba nikikua nitajenga hospitali ambayo hakuna mama atakayepikia mvuani na hakuna mgonjwa atakayetazama rangi iliyobanduka. Nikakua, nikaijenga. Lile banda nililifuta kwenye ramani kwa furaha, na mahali pake nikaweka matangi ya kulishia kuta.

Nilichokuwa nimekisahau, mpaka nilipowaona wale wanawake watano kwenye manyunyu, ni kwamba baba alipokata roho mama alianguka ndani ya banda lile, na wanawake asiowajua hata majina waliacha vyungu vyao wakamdaka.

*

Ijumaa asubuhi niliingia chumba cha saba nikijidai nakagua unyevu wa ukuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa hapo, mbona unasimama kama mkusanya sadaka?" Bi Atukuzwe alikuwa na miaka sitini na moja, mikono mipana ya kulima, na kitambaa cha maua alichokifunga kichwani hata kitandani. Mrija mwembamba ulitoka ukutani, ukapita chini ya shuka hadi kifuani pake. "Nikuulize kitu, usinifiche. Otilia anaumwa?"

"Kwa nini, mama?"

"Jana nimemwambia mwaka huu tunapanda viazi vyekundu, mbegu ya bibi yake. Akasema, 'Sawa mama.'" Alinikazia macho. "Sawa mama! Otilia huyo huyo! Miaka mitatu ananipigia kelele na mbegu zake nyeupe za maabara. Mwaka jana tulinuniana mpaka Pasaka. Leo asubuhi nikamjaribu tena, nikamwambia abomoe banda la kuku alilolijenga kwa mikono yake. Sawa mama."

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Shangazi alikuwa ametii amri yangu kikamilifu. Ubishi ungemtibua mgonjwa, kwa hiyo alikuwa amemwondoa Otilia ubishi wote, na akabaki mtoto ambaye mama yake hakumfahamu.

"Hata kama ni ukuta unaosema," aliendelea, sauti ikipanda, "maneno si yanatoka kwake? Mlituambia hivyo. Sasa nani ameyatuma haya? Injinia, mwanangu yuko wapi?"

Kwenye kishikwambi niliona namba ya moyo ikipanda. Tisini. Mia moja na nane. Shangazi aliiona pia. Mwanga ukageuka wa asubuhi yenye jua, chumba kikajaa harufu ya viazi vinavyochomwa kwenye majivu, na kutoka ukutani, karibu kabisa na sikio lake, Otilia akasema kwa upole, "Mama, usiwe na wasiwasi. Pumzika. Mimi nipo."

Nilijichukia. Sina neno jingine. Mtu alikuwa anauliza kama mwanawe yu hai, na mimi nilikuwa nimejenga kitu cha kumbembeleza asiulize.

Nilifungua ukurasa ambao sikuwahi kuugusa tangu siku ya uzinduzi, nikaweka kidole, nikathibitisha mara mbili. Mrija uliendelea kufanya kazi yake. Vingine vyote vikazima. Mwanga ukarudi kuwa wa mawingu, harufu ikakatika, na nikasikia kwa mara ya kwanza mle ndani matone ya mvua juu ya bati.

Bi Atukuzwe aliutazama ukuta, kisha akanitazama mimi. Uso wake ulizeeka nikiuona.

"Usiniambie wewe," alisema polepole. "Habari hiyo ina wenyewe. Niitie Kristofa. Najua yuko nje, haiwezekani asiwepo."

*

Nilimkuta Dokta Kihwele koridoni anakuja mbio, maana namba zilikuwa zimemfikia.

"Umezima? Umezima, Yusta?" Hakuwahi kuniita jina langu kabla.

"Ameshajua, dokta. Bado jina tu halijatajwa. Ameomba watu wake, mwenyewe, kwa kinywa chake. Tunaweza kumwacha ajue peke yake au ajue akiwa ameshikwa. Hakuna njia ya tatu."

Alisimama pale akipumua. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa sindano iliyokwisha kujazwa. Kumbe alitembea nayo tangu jana. "Nasimama kichwani pake," alisema. "Ikipita mia na arobaini, namchoma dawa ya usingizi, na mtu asinizuie."

Kanuni ya wodi inaruhusu wageni wawili. Sista Edina, nesi wa zamu, aliwaona sita wakipita na matope yao, akageuka ukutani akaanza kuhesabu vidonge kwa sauti.

Wale wanawake hawakuuliza wafanye nini. Mmoja, mnene, mwenye sweta la kijani, alivua viatu akapanda kitandani nyuma ya Bi Atukuzwe, akamkumbatia mgongo wake kwa kifua chake. Wawili wakashika mikono, mmoja kila upande, na waliobaki wakapiga magoti miguuni. Mzee Kristofa alivua kofia.

"Shemeji," alisema. "Juzi asubuhi tulipata ajali nyumbani."

"Nani?"

"Otilia."

"Amelala wapi?"

"Mochwari ya wilaya. Tumemwosha vizuri. Tumekusubiri wewe."

Kilio kile sitakieleza. Ninachoweza kukueleza ni namba, kwa sababu nilizishikilia ili nisianguke. Mia na ishirini na sita. Mia na arobaini na mbili. Dokta alichoma nusu ya dawa, akaacha nusu. Mia na hamsini. Mwanamke wa sweta la kijani alikuwa analia naye, lakini pumzi yake ilikuwa ndefu, na alikuwa anamyumbisha taratibu, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Baada ya dakika ishirini namba ilisoma mia na nne. Baada ya saa nzima, tisini na moja. Sijui nusu ile ya dawa ilifanya kazi kiasi gani na kifua kile kilifanya kiasi gani. Dokta naye hajui, nimemuuliza mara nyingi.

Niseme mapema ili usihangaike, Bi Atukuzwe hakufa. Lakini vipimo vya Ijumaa jioni vilionyesha vali imechanika ukingoni, milimita mbili, na alikaa nasi siku thelathini na nne badala ya ishirini na moja. Dokta Kihwele ananisalimia, tunakunywa chai pamoja, ila hajanisamehe kabisa. Simlaumu. Zile milimita mbili naziota.

*

"Naenda kuzika," ndiyo ilikuwa sentensi yake ya kwanza iliyoeleweka.

Hapo hata Mzee Kristofa alikubaliana na daktari. Mrija haukuweza kutolewa, na barabara ya Mahanzi ni saa tatu za mashimo. "Basi mtoto ataletwa," alisema. "Kesho asubuhi, kabla ya kwenda nyumbani. Mama atamuaga hapa hapa."

Wote wakanigeukia, mimi mwenye jengo.

Nilitoka na futi kamba nikaanza kupima. Niliposanifu Ukunguni nilihakikisha korido zote zimepinda, ili mgonjwa asione mwisho wake akaogopa. Waliofariki hutolewa kwa nyuma, kwa machela laini inayokunjika, wasionekane na mtu. Nilisifiwa sana kwa hilo. Nilipima kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jeneza la Otilia lilikuwa na urefu wa mita moja na tisini. Halikuweza kupita hata kona moja. Katika jengo zima la vyumba arobaini, lililosanifiwa kupokea watu wenye maradhi mazito, sikuwa nimechora njia hata moja ya kuingiza msiba.

Nilimpigia mkurugenzi. Akaniambia niandike barua ya maombi ya marekebisho ya jengo. Niliandika, na Jumamosi asubuhi ilikuwa bado inapitiwa.

Saa mbili asubuhi nilikwenda karakana nikachukua msumeno wa mbao na chaki. Nilizunguka nje, nikakanyaga maua yangu, nikachora umbo la mlango kwenye ukuta wa chumba cha saba, mbali na mrija. Ndani, Sista Edina alikuwa ametundika mablanketi kuzuia vumbi na baridi. Kuta zile ni nene kiasi cha shubiri moja na zina nyuzi ndani yake, hazivunjiki kwa nyundo. Zinakatwa. Nilianza mwenyewe. Mkono uliponichoka Mzee Kristofa akaupokea msumeno, na alipochoka yeye nikashangaa kuona Dokta Kihwele anavua koti lake jeupe.

"Mbona unakuja?" nilimuuliza.

"Mnapunguza mwendo," alisema. "Na mgonjwa wangu anapigwa na baridi."

Saa nne kasoro kipande kiliangukia nje. Ukungu ukaingia chumbani pamoja na harufu ya misonobari iliyolowa, harufu halisi, ambayo haikuwa imetungwa na mtu. Wanaume wanne wa Mahanzi wakaingiza jeneza, moja kwa moja, bila kona, wakalitua juu ya viti viwili kando ya kitanda. Wanawake walikuwa wameshatandika mkeka sakafuni. Mwenye sweta la kijani alirudi mahali pake nyuma ya mgongo wa Bi Atukuzwe, na dokta akasimama mahali pake kichwani, sindano mkononi.

Walifunua sehemu ya uso.

Bi Atukuzwe alinyoosha mkono akamrekebisha mwanawe kitambaa kwenye paji la uso, kama mama anavyomweka sawa mtoto anayekwenda shule. Alimtazama muda mrefu. Hakupiga kelele. Namba ilikuwa tisini na saba, na baada ya hapo nikazima kishikwambi, kwa sababu niliona aibu kuendelea kuitazama.

"Nimekaa nimefikiri usiku kucha," alimwambia. "Zile zako nyeupe. Ukame wa mwaka juzi zilivumilia, ni kweli, nilikuwa sitaki tu kukubali. Mwaka huu tutapanda zile nyeupe."

Akainamisha kichwa kidogo, akisubiri kujibiwa. Mimi pia, kwa mazoea mabaya, niligeuka nikautazama ukuta.

Hakuna aliyemwitikia, "Sawa mama."